Maswali ya Wasomaji: Kinu na Dawa Zinazokataa Maji

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja: dawa ambazo hazimumunyiki vizuri majini, na kama kuzisaga kunasaidia. Tumefupisha maswali, majina tumeyaacha. Majibu ni ya wafamasia wa dawati letu la maabara na viwanda.

Nimesaga nusu saa, umumunyifu uko palepale

*Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Nilisaga griseofulvini (dawa ya fangasi) kwa kinu na mchi cha kauri kwa nusu saa, nikaitia kwenye maji, nikaitikisa saa 48 kwenye nyuzi joto 37, nikachuja na kupima. Kiasi kilichomumunyika ni sawa na cha unga ambao sikuusaga. Kitini chetu kinasema kusaga huongeza umumunyifu. Nimekosea wapi? – Dar es Salaam*

Hujakosea. Kitini ndicho kimechanganya mambo mawili. Ulichopima ni kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa cha dawa ambacho maji yanaweza kubeba vikikaa pamoja hadi vitulie. Kikomo hicho hutegemea jinsi fuwele ilivyoshikamana na jinsi inavyoelewana na maji. Maadamu chembe zako zimezidi mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, ukubwa wake haukibadilishi kwa kiasi unachoweza kukiona kwenye kipimo. Kusaga kunabadilisha kasi ya kukifikia.

Kanuni yenyewe ni ya Noyes na Whitney, 1897, na ilikamilishwa na Nernst na Brunner mwaka 1904. Kasi ya kumumunyika huongezeka eneo la nje la chembe likiongezeka, na pengo kati ya kikomo na kiasi kilichokwisha kuingia majini likiwa pana. Hupungua tabaka la maji yaliyotulia kuizunguka chembe likiwa nene. Kinu kinagusa hasa lile eneo. Chukua gramu moja ya griseofulvini, ambayo uzito wake ni kama gramu 1.4 kwa sentimita moja ya ujazo. Zikiwa chembe za mviringo za mikroni 100, eneo lake la nje ni takriban mita za mraba 0.04. Zikishuka hadi mikroni 5 linafika 0.86. Zikifika nanomita 200, yaani mikroni 0.2, gramu hiyohiyo ina zaidi ya mita za mraba 21.

Mgonjwa anafaidikaje ikiwa kikomo hakibadiliki? Umumunyifu wa griseofulvini ni takriban miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo miligramu 500 zingehitaji lita 50 za maji. Tumbo halina maji hayo, lakini utumbo nao hausubiri kikomo kifikiwe. Kila kinachomumunyika kinafyonzwa, na nafasi inabaki wazi kwa kingine. Hapo kasi ndiyo inayoamua dawa ngapi itaingia mwilini kabla mabaki hayajapita kwenda chooni. Ndiyo maana griseofulvini iliyosagwa laini zaidi hufyonzwa takriban mara moja na nusu ya ile iliyosagwa kawaida, na miligramu kama 330 hadi 375 zake huandikwa mahali pa 500.

Rudia jaribio hivi. Tumia chombo cha kasia, mililita 900 za maji, nyuzi 37, mizunguko 50 kwa dakika. Usipime kidonge kizima, pima miligramu 3 tu za unga. Maji hayo yanabeba takriban miligramu 9, na ukitaka kikomo kisikuingilie, kaa chini ya theluthi yake. Chota sampuli dakika ya 5, 10, 15, 30 na 60. Tofauti utaiona mwanzoni, halafu mistari miwili itakutana. Kabla ya hapo pitisha kila unga kwenye chekecheo na uutazame kwa hadubini. Mchi wa mkono haushuki kirahisi chini ya mikroni 20, na mara nyingi huacha mchanganyiko wa vumbi na mapande.

Chini ya mikroni moja kikomo chenyewe huanza kupanda kidogo, kwa sababu mpindo mkali wa uso wa chembe ndogo huachia molekuli kwa urahisi zaidi. Kwenye nanomita 200 tarajia nyongeza ya asilimia chache, labda kumi na kitu. Akija mtu anasema amesaga na umumunyifu umepanda mara kumi, muulize kwanza alitumia chujio gani.

Unga laini, vidonge vizito kutoa dawa

*Kiwandani kwetu tunatengeneza albendazoli, dawa ya minyoo, ya miligramu 400. Tuliingiza kinu cha hewa ya mgandamizo, d90 (ukubwa ambao asilimia 90 ya unga iko chini yake) ikashuka kutoka mikroni 80 hadi 8. Tulitarajia vidonge vitoe dawa haraka. Badala yake, kwenye asidi ya haidrokloriki, zamani tulipata asilimia 85 kwa dakika 30, sasa tunapata 60. Inawezekanaje? – Fundi wa uzalishaji, Nairobi*

Inawezekana, na hutokea mara nyingi. Ile namba 8 ni ya chembe zikiwa zimetawanywa ndani ya mashine ya kupimia. Ndani ya kidonge hazijatawanyika. Chembe za mikroni chache hazina uzito wa kutosha kushinda nguvu ya kushikana, zina chaji ya umeme iliyotoka kwenye msuguano, na sehemu ya nje ya albendazoli haipendi maji. Zinajikusanya mabonge yenye hewa katikati. Maji yakifika yanazunguka bonge bila kuingia. Kwa hiyo eneo linaloguswa na maji, ambalo ndilo linalohesabika, limepungua.

Lithibitishe kabla ya kubadili chochote. Mwaga miligramu 50 za unga mpya juu ya mililita 100 za ile asidi ndani ya bika, usikoroge. Fanya vivyo hivyo kwa unga wa zamani. Wa zamani utaanza kuzama ndani ya dakika moja au mbili. Mpya utaelea, utajikunja kingo na kufanya visiwa vyeupe. Chukua sindano, pasua kisiwa kimoja chini ya kioo cha kukuzia: ndani utakuta unga mkavu kabisa. Sasa dondosha tone moja la kilowanishi, polisobeti 80 ya asilimia 1. Visiwa vikizama papo hapo, tatizo lako ni kulowana, na kinu hakina kosa.

Dawa ya tatizo hilo ni hizi, na tungeanza na ya kwanza. Weka sodiamu laurili salfeti, ambayo ni aina ya sabuni, asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wa kidonge, ikiwa imemumunyishwa kwenye maji ya kufanyia chenga pamoja na gundi yako ya PVP. Wengi huichanganya ikiwa kavu, na hapo haifiki inapotakiwa. Pili, usimwage dawa juu ya rundo la vijazio. Weka nusu ya laktosi, kisha dawa, kisha nusu iliyobaki, pitisha vyote pamoja kwenye wavu wa milimita 0.8 hadi 1. Laktosi yenye chembe kubwa itabeba chembe za dawa mgongoni na kuzitenganisha. Tatu, angalia magnesiamu stearati. Unga ukiwa laini watu huongeza muda wa kuchanganya ili dawa isambae sawasawa, na bila kujua huongeza pia muda wa stearati, ambayo hukataa maji kama mafuta. Itie mwisho kabisa, asilimia 0.5, dakika 2 au 3, basi.

Kuhusu kinu chenyewe: shinikizo la kusukumia unga liwe juu kidogo kuliko la kusagia, kama bari 0.5 hadi 1 zaidi, la sivyo unga hurudi nyuma kwenye faneli. Ukilisha haraka chembe zinagongana kwa nguvu ndogo na unapata mkia wa chembe kubwa. Ukilisha polepole mno unasaga zaidi ya mahitaji. Hakikisha mashine na mifuko vimeunganishwa na ardhi. Vumbi kavu la dawa hewani likipata cheche hulipuka. Pima ukubwa siku ya kusaga na tena baada ya wiki mbili, maana sehemu za nje zilizovurugwa na kinu hufyonza unyevu na kushikana ghalani.

Na kuna swali ambalo barua yako haikuuliza. Je, mlihitaji mikroni 8? Jaribuni d90 ya 20 hadi 25. Kwa dawa inayosaidiwa na asidi ya tumbo kama hii, huenda mkapata kasi mnayoitaka bila kuingia kwenye vita ya mabonge.

Kuponda kidonge cha mapunye nyumbani

*Mtoto wangu wa miaka sita ana mapunye, amepewa vidonge vya griseofulvini na hawezi kumeza. Jirani anasema nivisage kwenye blenda hadi viwe vumbi ili dawa ifanye kazi zaidi. Ni kweli? – Mama, Tanga*

Mama, kuviponda ili mtoto aweze kumeza ni sawa. Griseofulvini ya kawaida haina tatizo ikipondwa. Blenda usitumie. Dawa ndani ya kidonge ilikwisha kusagwa kiwandani kwa vinu ambavyo jiko halina, na blenda haitaifanya iwe ndogo zaidi. Itakachofanya ni kuacha sehemu ya dozi imeganda ukutani, na kesho ikaingia kwenye juisi ya mtu mwingine. Ponda katikati ya vijiko viwili, changanya na kijiko kimoja cha uji, mpe wote, kisha suuza kijiko kwa uji kidogo na umpe nao.

Kinachosaidia zaidi ni mafuta. Mpe dawa pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa yasiyotolewa mafuta, uji wa karanga, wali wa nazi. Nyongo inayotoka kumeng'enya mafuta ndiyo inayosaidia dawa hii kumumunyika. Kisha kamilisha wiki zote ulizoandikiwa, ambazo kwa mapunye ya kichwa kwa kawaida ni 6 hadi 8, hata kama nywele zimeanza kurudi.

Ushauri huu usiupeleke kwenye kila kidonge. Vilivyoandikwa SR, XR au retard, yaani vya kutoa dawa polepole, na vile vyenye ganda la kuzuia asidi ya tumbo, havipondwi.

Kutengeneza chembe za nano bila mashine ya bei kubwa

*Tuko maabara ya chuo, hatuna kinu cha kisasa cha shanga. Tuna rola ya kuzungushia chupa, mizani na kipimo cha mtawanyiko wa nuru cha kuazima. Tunaweza kupata griseofulvini ya nanomita mia chache? Tupeni vipimo kamili. – Watafiti chipukizi, Kampala*

Mnaweza, kwa kusaga ndani ya maji na shanga za zirkonia. Kinachobadilika ni muda. Kinu cha kisasa kinamaliza kwa saa moja au mbili, rola yenu itachukua siku moja hadi tatu.

Kwa gramu 5 za mchanganyiko: griseofulvini miligramu 500, haidroksipropilselulosi ya mnato mdogo (hapa chini tunaiita selulosi; ndiyo kitulizaji kinachofunika chembe zisishikane) miligramu 125, sodiamu laurili salfeti miligramu 10, maji yaliyotakaswa gramu 4.37. Shanga za zirkonia iliyoimarishwa kwa itria, za milimita 0.5, gramu 30. Chupa ya polipropilini ya mililita 20 yenye kuta nene. Kioo chembamba hukwanguliwa na shanga, na kwa kuwa dawa, shanga na unga wa kioo vyote ni vyeupe, hamtajua. Gramu 30 za shanga zinajaza kama mililita 8, na mchanganyiko wenu unaziba nafasi kati yake na kuzifunika kidogo tu. Ndivyo inavyotakiwa. Maji yakizidi, shanga zinaelea mbalimbali na hazigongani.

Anzeni jana yake. Nyunyizeni selulosi kidogokidogo kwenye maji baridi yanayokorogwa, muiache ilale usiku kucha hadi maji yawe maangavu. Asubuhi tieni laurili salfeti, mkoroge taratibu bila kufanya povu. Dawa isimwagwe moja kwa moja ndani ya chupa: iwekeni kwenye kinu kidogo cha mkono, ongezeni matone ya ule mchanganyiko, sugueni hadi ipatikane rojo isiyo na sehemu kavu, ndipo muongeze mliobakiza. Hatua hii inarukwa sana, halafu watu wanashangaa kuona pete ya unga mkavu shingoni mwa chupa baada ya saa 24.

Kasi ya rola msiikisie. Chupa ikizunguka haraka mno, shanga hubandikwa ukutani na hakuna kinachosagwa. Mpaka huo ni 42.3 ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha ndani kwa mita. Chupa ya milimita 25 inatoa takriban mizunguko 267 kwa dakika. Fanyeni kazi kwenye asilimia 65 hadi 75, yaani 175 hadi 200 za chupa, si za rola. Wekeni sikio: mnataka mchakacho wa mfululizo. Kimya maana yake shanga zimeganda ukutani, au mchanganyiko umekuwa mzito.

Chukueni tone moja baada ya saa 4, 8, 24, 48. Kwa kipimo cha nuru, msizimue kwa maji matupu, kwa kuwa maji matupu yatamumunyisha chembe ndogo kwanza na kuwaonyesha ukubwa wa uongo. Zimueni kwa maji yaliyokwisha kushibishwa griseofulvini na kuchujwa. Ukubwa utashuka haraka, kisha utakaa. Ukikaa kwa vipimo viwili mfululizo, simameni. Kuendelea kunaongeza uchafu wa shanga na joto tu.

Joto ni la kuangaliwa sana kwa mchanganyiko huu. Haidroksipropilselulosi humumunyika kwenye maji baridi, lakini maji yakipanda hadi nyuzi 40 hadi 45 inajitenga na kutoka. Chembe zinabaki uchi na zinashikana. Rola haipashi sana, ila chumba chenye jua la mchana na mota chini ya chupa vinaweza kuwafikisha huko. Wekeni kipimajoto.

Mambo yatakayoharibika, na sababu zake. Mchanganyiko ukiwa mzito kama mtindi baada ya saa chache, kitulizaji hakitoshi: kila mnaposaga mnazalisha eneo jipya la nje linalohitaji kufunikwa, na selulosi imekwisha. Iongezeni hadi miligramu 150 au punguzeni dawa. Msijaribu kuokoa kwa kuongeza laurili salfeti. Kwenye asilimia 0.2 mko karibu na kiwango ambapo molekuli zake huanza kujikusanya, na mkikivuka sana makundi hayo yatabeba dawa kutoka chembe ndogo na kuipeleka kwenye kubwa. Mtaona ukubwa mzuri leo, na wiki ijayo sindano ndefu za fuwele kwenye hadubini. Kuitoa kabisa nako hakufai: kwa griseofulvini selulosi peke yake haizuii mabonge vya kutosha. Povu nalo hula nguvu ya shanga. Mkiliona, acheni chupa itulie saa moja.

Mkimaliza, mwageni kwenye kitambaa cha nailoni cha mikroni 100, suuzeni shanga kwa mililita 2 za maji yenye kitulizaji kilekile. Osheni shanga, zikausheni, zipimeni. Zikipungua uzito au mkiona zilizopasuka, fungu hilo la dawa halifai kwa chochote zaidi ya mafunzo. Kwa kuhifadhi, kausheni kwa kugandisha mkiwa mmeongeza trehalosi, aina ya sukari, kwa kuanzia uzito sawa na wa dawa. Kipimo cha mafanikio ni kurudisha unga majini, kuukoroga kwa mkono na kupata ukubwa uleule wa kabla ya kukausha.

Asilimia 100 kwa dakika tano

*Chembe zetu za nano za griseofulvini, miligramu 125 ndani ya mililita 900 za maji, zinaonyesha zimemumunyika zote kabla ya dakika 5. Tulitumia chujio la mikroni 0.45. Tuandike makala? – Mtafiti, Eldoret*

Bado. Mililita 900 za maji zinabeba takriban miligramu 9. Hata tukiwapa ukarimu na kusema umumunyifu kwenye nyuzi 37 ni miligramu 15 kwa lita, ni 13.5. Miligramu 125 haziwezi kuwa zimemumunyika. Kilichotokea ni kwamba chembe za nanomita 200 zimepita kwenye matundu ya nanomita 450, zikaingia kwenye methanoli au asetonitrili ya mashine yenu ya kupimia, zikamumunyika humo. Mashine imesema kweli kuhusu kilichomo kwenye kichupa cha sampuli, wala si kuhusu kilichokuwa kwenye chombo.

Tumieni chujio la mikroni 0.02, au 0.1 mkiwa na hakika na ukubwa wa chembe. Tupeni mililita za mwanzo, maana utando nao hufyonza dawa. Kuna njia nyepesi ya kujihakiki: tayarisheni maji yaliyoshiba dawa, ongezeni chembe za nano juu yake, chujeni, pimeni. Jibu likiwa juu sana ya kile kikomo, chujio linavuja. Mkitaka kujaribu dozi nzima, badilisheni maji: ongezeni laurili salfeti ya kutosha hadi chombo kibebe angalau mara tatu ya dozi. Ila kwenye maji hayo hata unga mbaya huonekana mzuri, na tofauti kati ya kusaga kuzuri na kubaya hupotea.

Indometasini iliyorudi kuwa fuwele

*Tulisaga indometasini (dawa ya maumivu) kwa kinu cha golori saa kadhaa hadi eksirei ikaonyesha fuwele zimekwisha. Ilimumunyika vizuri sana. Baada ya wiki mbili kabatini imerudi kama mwanzo. Tufanye nini? – Mfamasia wa utafiti, Morogoro*

Hapa sasa ndipo kusaga kunapandisha umumunyifu wenyewe. Mmevunja mpangilio wa molekuli, zimebaki katika hali ya amofasi, yaani bila mpangilio wa fuwele, na maji hayalazimiki tena kulipa gharama ya kubomoa fuwele. Deni linabaki: molekuli zinatafuta kujipanga upya. Indometasini ya amofasi hulegea kama kioo kinacholainika kwenye nyuzi 42 hivi. Tahadhari inayofuatwa na wengi ni kuhifadhi nyuzi 50 chini ya hapo. Kabati la Morogoro liko nyuzi 12 au 15 chini yake tu, na unyevu wa hewa unaishusha zaidi.

Joto la kinu nalo lina neno. Watafiti wa Japani walionyesha miaka ya 1980 kwamba indometasini ya aina ya gama ikisagwa kwenye nyuzi 4 inakuwa amofasi, na ikisagwa kwenye nyuzi 30 inageuka fuwele za aina ya alfa. Kwa hiyo sagani dakika 5, pumzikeni 10 hadi 15, na kipozeni chombo kwenye barafu kikiwa kimefungwa vizuri, kisha kiacheni kifike joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo mvuke utaganda juu ya dawa. Ujazo: theluthi golori, theluthi unga, theluthi wazi. Unga ukigeuka kijivu, chuma cha golori kimeingia, hamieni zirkonia.

Kisha msisage dawa peke yake. Pamoja na PVP K30, nusu kwa nusu, polima yenye kiwango cha kulainika kilicho juu sana inazibana molekuli za dawa zisitembee. Udhaifu wake ni kwamba PVP hunywa unyevu, hivyo bila chupa iliyozibwa na kifuko cha silika mtarudi palepale. Njia ya pili, ambayo tungeichagua kwa hali ya hewa ya pwani na nyanda za joto, ni magnesiamu aluminometasiliketi, inayouzwa kwa jina la Neusilin, sehemu moja ya dawa kwa tano. Indometasini ni asidi, nayo inashikana na sehemu za nje za silikati hiyo karibu kama chumvi. Mchanganyiko huo umeonyeshwa kubaki amofasi kwa miezi kadhaa kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75.

Hesabu ya dozi ifanyeni mapema. Indometasini ya miligramu 25 itabebwa na miligramu 125, na kidonge kinamezeka. Albendazoli ya 400 ingedai gramu mbili za mbebaji, na hakuna atakayeimeza. Ibuprofeni msiihangaikie kwa njia ya kusaga peke yake: inayeyuka kwa joto kwenye nyuzi 75 hadi 78, na hali yake ya amofasi hulainika mbali chini ya sifuri. Mtakachopata ni nta iliyoganda kwenye golori.

Mkipima, msiishie dakika 30. Dawa ya amofasi hupanda juu ya kikomo kisha huanguka fuwele zikizaliwa humohumo majini. Fuateni hadi saa 2 au 4, na mjaribu kuongeza polima ya haipromelosi kidogo ndani ya chombo muone kama inachelewesha anguko.

Sindano ya kabotegraviri

*Nimesikia sindano ya kinga ya VVU ya kila miezi miwili ni dawa iliyosagwa tu. Ikiwa ni chembe ndogo hivyo, mbona haimumunyiki upesi ikaisha? – Muuguzi, Kisumu*

Ni kweli ni dawa iliyosagwa. Kabotegraviri ya sindano ni chembe za takriban nanomita 200 zilizosagwa ndani ya maji kwa shanga, miligramu 200 kwa mililita, zikitulizwa na polisobeti 20 na makrogoli. Ilijaribiwa kwa wanawake wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, katika utafiti wa HPTN 084.

Huku kwenye msuli mambo yanageuka. Dawa hii ina umumunyifu mdogo mno, na dozi ya mililita 3 inakaa mahali pamoja kama rundo, si kutawanyika kwenye maji mengi yanayotembea kama utumboni. Maji ya kuzunguka rundo yanashiba haraka, na chembe zinaachia dawa kadiri damu inavyoichukua. Ukubwa wa chembe umechaguliwa kuendana na mwendo huo: zikiwa kubwa, dawa inatoka polepole mno na sindano inaziba, zikiwa ndogo zaidi, kiwango cha damu kinapanda mapema na kuisha mapema.

Kwa kazi yako: tikisa kichupa kwa nguvu angalau sekunde 10, kwa sababu chembe hutuama chini na ukivuta bila kutikisa unampa mtu maji. Angalia hakuna mabonge. Ikishaingia kwenye bomba la sindano, itumike ndani ya saa 2. Hutiwa kwenye msuli wa tako, kamwe si kwenye mshipa. Huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 25 na haigandishwi. Fuwele za barafu husukuma chembe zikashikana, na kuyeyusha barafu hakuzitenganishi tena. Ikiwa kituo chenu kinatoa pia rilpivirini ya sindano kwa wanaoishi na VVU, hiyo ni ya friji, nyuzi 2 hadi 8. Msiziweke rafu moja kwa kudhani ni ndugu.